Kurwa Asiyeamini Bahati

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kumweleza Kurwa kwa sababu mimi ni Doto, dada yake pacha, na mama alizoea kusema kwamba sisi tulishakubaliana kila kitu tumboni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akinitangulia kama alivyonitangulia kwenye kila mlango, akaanza shule mwaka 1965, akawachosha walimu kwa kuuliza sababu, na mwaka 1982 akaajiriwa chuoni kufundisha fizikia.

Wenzake walifundisha kwamba chembe za mwanga zikipimwa hujibu kwa bahati tu, yeye hilo halikumwingia akilini, akashikilia kwamba ndani ya kila chembe imefichika sababu. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na mfamasia mwenye subira, wakajaliwa binti na kijana, nao walikatazwa kurusha sarafu kuamua nani akae kiti cha mbele, ubishi ukaendelea mpaka safari ikaahirishwa.

Mwaka 1999, kwenye korido ya maabara, alirusha chembe pacha, moja chumba cha huku, nyingine cha kule, kila moja ikiulizwa swali, yaani kipimo, lililochaguliwa ikiwa tayari njiani, ili aonyeshe kwamba zilikubaliana kabla ya kuachana. Majibu yalilingana kupita kiasi ambacho makubaliano ya namna hiyo yangeweza kuleta. Akamlaumu fundi wa mitambo kwa waya kulegea, akafungua kila kitu, akapima upya, akakonda, kisha akamwomba fundi radhi na kuchapisha kwa jina lake mwenyewe matokeo yaliyomwangusha. Hakutulia hata hivyo, alisema labda sababu ipo, ila haikai ndani ya chembe moja.

Juni 2023 alipatikana na ugonjwa wa damu, nami nikapimwa, tumbo moja, ziwa moja, nikakutwa mzima. Daktari alisema hutokea tu, hakuna ajuaye kwa nini. Nilidhani Kurwa atambishia, kumbe alimshika mkono akamwambia asijilaumu, mimi ndiye niliyetoka nikazunguka nje kama kuku anayetaka kutaga. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi sakafuni, wafanyakazi wenzake, na fundi yule, ambaye leo amebeba jeneza.

Kurwa, kwa nini wewe na si mimi, sijui, na sijaridhika. Kuuliza niachie mimi sasa, wewe pumzika kwa amani.