Kajetan Drozd Anaondoka, Hori Linabaki

Ijumaa ya tarehe 30 Septemba, baada ya kutandika, kung'oa na kutandika tena mawe ya barabara za Tarnówek kwa miaka thelathini na minne, Bwana Kajetan Drozd anastaafu. Karakana imeniomba mimi, Otylia wa stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa kuwa hakuna aliyegombana naye kwa muda mrefu kuliko mimi. Yeye mwenyewe ameomba niandike mazuri tu. Nimemjibu kwamba nitajitahidi, ila jarida lina kurasa za kujaza.

Aliajiriwa wakati nyama bado inapatikana kwa foleni, na makaa katika mitaa ya chini bado yanaletwa kwa magari ya farasi. Moja ya magari hayo lilikuwa la baba yake, mzee mkali aliyezungumza na farasi wake jike mwekundu kwa adabu kuliko alivyozungumza na majirani. Muda si muda farasi wakatoweka. Vilivyobaki ni vile vilivyotengenezwa kwa ajili yao: pete za chuma ukutani za kufungia hatamu, mawe ya pembeni mwa malango ya kuzuia magurudumu yasichubue kuta, vibwana vya chuma, sanamu fupi za watu wenye kofia ndefu, vinavyofanya kazi hiyohiyo, na mahori ya kunywea maji. Watu wengine waliviona kuwa takataka. Drozd alivichukulia kuwa urithi wake, na hakumuuliza mtu.

Kazi ya kuvilinda haikuwa kazi yake rasmi. Kazi yake rasmi ilikuwa kuziba mashimo. Lakini ilikuwa ajabu namna mashimo ya mji huu yalivyopenda kutokea karibu na jiwe la lango lililolegea, au karibu na kibwana aliyeanza kuinama. Msimamizi alipomuuliza mbona Mtaa wa Młyńska unatengenezwa kila mwaka na mtaa anaokaa yeye msimamizi haujaguswa, Drozd alisema kwa huruma kubwa kwamba mtaa ule mwingine haukubahatika kupitiwa na farasi.

Vibwana vya chuma alivipa majina ya wakurugenzi wetu. Yule wa Młyńska, mwenye kitambi na pua aliyoipaka rangi nyekundu, ana jina la mkurugenzi aliyetangulia. Mkurugenzi alipopata habari hakukasirika. Alilalamika tu kwamba pua imezidi.

Kuhusu pete za ukutani, yapo mambo ambayo Ksawery, fundi wetu wa kuchomelea, angependa yasiandikwe. Ksawery alisema pete zile ni mapambo tu, kama hereni, na hazingemzuia hata mbuzi. Drozd hakubishana. Alifunga kamba nene kwenye pete moja ya ukuta wa posta ya zamani, ncha ya pili akaifunga nyuma ya lori letu, kisha akamwomba Ksawery aondoe gari. Pete haikutikisika. Lori liliondoka vizuri, bampa likabaki barabarani. Katika vitabu vya stoo nimeandika kwamba liliharibika kwa sababu ya ubishi, na mkaguzi hajawahi kuuliza swali.

Isidhaniwe kwamba ni mtu rahisi. Anakunywa chai kwenye vikombe vya watu. Matango yake ya chumvi yamenukisha kabati la vifaa mpaka misumari ina harufu ya bizari. Na ni mwongo. Si mwongo wa kudhuru mtu, ni wa kufurahisha tu, lakini ukimuuliza saa ngapi ni afadhali uangalie na ya kwako. Wageni waliokuja kupiga picha aliwaambia kwamba vibwana vile hugeuza uso anapopita mtu asiyelipa kodi, na nimeona kwa macho yangu mabwana wenye tai wakipita upande wa pili wa barabara.

Sasa habari ya hori, ambayo najua ndiyo mnayoingoja.

Liko kwenye kona ya Mtaa wa Garncarska, pale mteremko unapoisha. Ni la mawe ya mchanga, refu la kutosha farasi wawili, na ukingo wake umelika kwa shingo za wanyama waliokunywa hapo kabla sisi hatujazaliwa. Miaka sita iliyopita iliamuliwa pawe maegesho ya magari. Hori lingevunjwa, vipande vyake vingekuwa kifusi. Drozd alikwenda ofisi za mji kuliombea, akaambiwa kwamba halimo katika orodha ya vitu vinavyolindwa na kwamba watu wanataka mahali pa kuweka magari. Kisha akapewa kazi yeye mwenyewe: ang'oe mawe ya barabarani yanayolizunguka ili, Sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita, kampuni ya ukandarasi ije na kreni.

Siku ile alikuja stoo, akakaa juu ya mfuko wa saruji, na hakunitania hata kidogo. Hapo nilijua mambo yameharibika.

“Baba alikuwa akinikalisha kwenye ukingo wake nikiwa sijui hata kuvaa viatu,” alisema. “Sasa mikono hii, Bi Otylia, ndiyo itakayomwandalia njia mwenye nyundo.”

Nilimwambia akatae. Akasema akikataa atatumwa mwingine, na huyo mwingine atayapasua mawe. Basi alikwenda, akayang'oa moja moja, akayapanga pembeni kwa mpangilio. Ikabaki mtaro kuzunguka hori lote.

Sheria ya kazi inataka kila shimo linaloachwa wazi jioni liwekewe taa ya tahadhari. Drozd husema stoo haikuwa na taa. Naandika hapa, ili vizazi vijavyo visome, kwamba stoo ilikuwa na taa, zilikuwa rafu ya chini, na zilikuwa zinawaka. Yeye alikwenda dukani. Zilikuwa siku za mwisho za Oktoba, na mnajua maduka yetu yanavyokuwa siku hizo, mlango mzima umejaa mishumaa ya makaburini kwenye vikombe vya kioo chekundu, ya kuwawashia marehemu sikukuu hiyo. Akanunua mmoja, akauwasha, akauweka ukingoni mwa shimo, akaenda zake kula.

Asubuhi palikuwa na mishumaa mitatu.

Sisi ni watu tunaojijua. Mtu wa Tarnówek anaweza kuvuka barabara bila kuangalia taa za magari, lakini hawezi kupita mshumaa mwekundu unaowaka kando ya njia mwishoni mwa Oktoba asisimame. Atajiuliza nani aliyekufa hapo. Ataona aibu kuuliza, maana kutojua ni kama kukosa mazishi. Atarudi na mshumaa wake. Na jirani akimuuliza yeye, naye ataona aibu kusema hajui, basi atatunga. Ilipofika Sikukuu ya Watakatifu Wote, hori lilikuwa limezingirwa na taa na maua pande zote, na lilikuwa na marehemu watatu: kijana wa pikipiki, mpeleka barua wa wakati wa vita na mtawa mmoja. Huyo mtawa hakuna anayejua alitoka wapi.

Kampuni ilikuja siku ya kazi iliyofuata. Dereva wa kreni alizima injini, akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba. Ksawery alikuwepo, na ndiye aliyetuletea maneno yao.

“Bosi, mimi hapa siweki mnyororo. Nina watoto.”

“Kwani kafa nani?”

“Sijui. Lakini kafa.”

Wakaondoka. Basi Meya, Bi Lubomira Sitek, akaja mwenyewe ili aone mzaha gani unafanyika mjini kwake. Alikuta vikongwe wanapanga maua. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wao, Bi Apolonia wa ghorofa ya pili ya nyumba inayotazamana na hori, alimpa kiberiti, akamwomba kwa kuwa ana mikono isiyotetemeka amwashie wake uliozimwa na upepo. Meya ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Alipiga magoti akauwasha, na watu wakampiga picha. Kiongozi aliyeonekana akiwasha mshumaa Jumatano hawezi kuonekana akileta kreni Alhamisi.

Lakini si mjinga. Kesho yake alimwita Drozd, akamwambia aketi, akamuuliza ni nani hasa aliyefia pale. Drozd ametuhadithia mazungumzo hayo mara nyingi, na kwa kuwa kila mara yanafanana, naamini ndivyo yalivyokuwa. Alijibu kwamba hakufa mtu, mshumaa ulikuwa wa shimo. Akaongeza kwamba labda farasi mmoja wawili waliwahi kufa.

“Yaani umenipigisha magoti kwa ajili ya farasi,” alisema Meya, “mbele ya mji mzima.”

Hakumfukuza kazi. Alimpa adhabu kali kuliko hiyo. Alimwambia kwamba yeye kama Meya hawezi kulinda kitu kwa uongo, na kwamba hatawadanganya wajane ili apendwe. Drozd akasimame mwenyewe pale kwenye hori awaambie watu ukweli. Watakapokuwa wameelewa na kuchukua mishumaa yao, kreni itarudi.

Hebu fikirini. Mtu aliyetudanganya maisha yake yote anatakiwa kusema kweli mara moja tu, na kweli hiyohiyo ndiyo itakayovunja hori lake. Ningekuwa mimi, ningejifanya mgonjwa. Yeye alivaa koti lake la kanisani, akaenda.

Alisimama pale akimwambia kila aliyekuja kwamba hakuna aliyekufa, ile ilikuwa taa ya kazi, wachukue mishumaa yao kwa amani. Hakuna aliyemwamini. Wanaomjua walicheka wakamwambia leo amepitiliza. Wasiomjua walimwona mtu mzima wa masharubu, amesimama na koti zuri, macho mekundu kwa baridi, anarudia maneno yaleyale. Wakampa pole. Mama mmoja alimshika mkono akamuuliza kama marehemu alikuwa kaka yake, akamwachia kipande cha keki.

Mwishoni alikuja Bi Apolonia. Naye akaambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengine hawakufanya.

“Najua, mwanangu,” alisema. “Dirisha langu ni lile pale. Nilikuona unauweka.”

Drozd akamuuliza, kama alijua, mbona alileta wake, tena akampa na Meya kiberiti.

“Mume wangu Leon alibaki mgodini. Mwamba ulianguka, wakaziba, hawakumtoa. Kaburi hana. Kila mwaka naenda makaburini na mshumaa wangu, najibanza pembeni ya makaburi ya watu, wenyewe wakija nausogeza. Hapa hapana mwenyewe. Niachie hapa.”

Bwana Kajetan hatanisamehe kwa ninayoandika sasa, lakini alilia pale barabarani, akiwa na keki mkononi. Kisha akatembea mpaka ofisini kwa Meya, akamwambia kwamba ameshindwa, akarudia maneno ya yule bibi bila kuongeza neno. Kwa mtu kama yeye, kutoongeza neno ni kazi ngumu kuliko kubeba mawe.

Meya aliuliza kama hori lile linavuja. Drozd akasema linavuja. Akaambiwa akalizibe.

Basi maegesho yalikwenda nyuma ya soko, ambako yangepaswa kuwa tangu mwanzo, na mawe ya Garncarska yalirudi mahali pake, kila moja kwenye tundu lake, kwa kuwa yalipangwa vizuri na mtu aliyekuwa na matumaini hata alipokuwa hana. Siku hizi ikifika sikukuu, wanaokuja pale si wale wa pikipiki na mtawa. Wanakuja wenye watoto waliopotelea ng'ambo, wenye baba waliochukuliwa na vita, wenye ndugu walio chini ya mwamba. Hakuna tangazo linalowaambia waje. Wanaambiana.

Kwa niaba ya karakana, namshukuru Bwana Kajetan Drozd kwa pete zilizobaki ukutani, kwa vibwana vinavyolinda malango ambayo hayapitiwi tena na magurudumu ya mbao, na kwa kutuchekesha siku ambazo baridi ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Namshukuru hata kwa lile bampa. Tutamkumbuka, na mimi nitamkumbuka zaidi ya wengine. Nalisema hili mara moja tu, asilitegemee tena.

Bwana Kajetan, tunakuombea magoti mazima, usingizi wa asubuhi na uzee usio na msimamizi. Mwaka huu sikukuu ikifika, njoo Garncarska na mshumaa wa mzee wako, ukae ukingoni mwa hori alipokuwa akikukalisha. Koleo liache nyumbani. Jiwe lolote likilegea, tutaliona sisi.