Fundi Asukile na Ukingo wa Debe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Atuganile, mtoto wa kwanza wa marehemu. Mchungaji aliisoma karatasi hii jana, akafuta mistari kadhaa na kuniomba nisome kwa ufupi na kwa upole. Ufupi nitajitahidi. Mistari nimeirudisha.

Marehemu Asukile Eliezeri Mwakalonge alizaliwa tarehe 3 Machi 1909 katika milima ya Rungwe. Mama yao alipofariki, marehemu ndiye aliyemlea mdogo wake Mika, akimbeba mgongoni hata akienda kuchunga. Huyo ndiye Baba mdogo Mika mnayemwona ameketi benchi la mbele.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mwalimu wake aliandika kwamba hesabu zilimpiga chenga, ila tangu aingie darasani hakuna dawati lililobaki likiyumba.

Mwaka 1931 alikwenda machimbo ya Lupa kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuiona. Alirudi na ufundi wa bati aliofundishwa huko na fundi mmoja Mhindi, na mwaka 1941 akafungua kibanda chake Mbalizi, kando ya barabara. Alitengeneza koroboi, karai na birika. Kila kazi iliyomridhisha aliigonga chapa ya nyota kwenye kitako. Isiyomridhisha aliivunja, hata mteja akiwa amesimama mlangoni anangoja.

Tarehe 18 Aprili 1936 alifunga ndoa na mama yetu, Tusekile, ambaye mkono wake wa kushoto ulivunjika utotoni ukaungika vibaya. Jioni moja ya mwaka 1950 baba alimuuliza kwa nini anachelewa sana mtoni. Mama akamjibu, "Debe nalijaza mapema. Nakaa namsubiri mtu wa kunitwika." Walikuwa wameoana miaka kumi na minne, na baba hakuwa amelijua hilo. Aliona aibu.

Kesho yake alifunga kibanda akaenda kukaa mtoni na wanawake, juma zima, akiangalia wanavyoinama, wanavyoshika na wanavyojitwika. Wanaume wenzake walimcheka kweli kweli. Siku ya mwisho alijitwika debe mwenyewe akapanda nalo kilima. Alifika nyumbani maji yote yamemwishia mgongoni, vidole vinatoka damu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Ee tata, baba yangu, sasa umejua," akamwambia.

Hapo ndipo lilipozaliwa debe mnalolijua. Lina mshikio mmoja juu na mwingine chini pembeni, ili mama aliegemeze gotini kwanza, kisha ajitwike bila kusaidiwa. Lina mdomo uliorudi ndani kidogo maji yasiruke. Na ukingo wake umekunjwa mara mbili, ukagongwa polepole kwa nyundo ya mti, usikate mkono. Huo ukingo peke yake ulikula nusu ya siku. La kwanza alimpa mama, naye akaenda mtoni na kurudi mara tatu siku hiyo, maji hayahitajiki, anafurahi tu.

Mwaka 1955 Baba mdogo Mika, ambaye ufundi wote aliufundishwa na marehemu, alisema anahamia Iringa. "Kaka, niazime chapa," alimwambia, "watu wa kule wajue kazi ni yako." Baba akampa. Nilikuwapo, na nilimwona baba akiifunga chapa ile kwenye kitambaa safi.

Mwaka uliofuata nilipangiwa kufundisha Iringa. Nilikuta madebe ya nyota yamejaa sokoni, nikatamba mbele ya walimu wenzangu kwamba ni kazi ya baba yangu. Wakanunua. Juma halikuisha, Mwalimu Apolonia akaja na kiganja kimefungwa kitambaa. Ukingo haukukunjwa. Ulikatwa kwa mkasi ukaachwa vile vile. Nilikwenda kwa Baba mdogo nikamuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, kukunja kunachelewesha. Mtu akinunua debe anaangalia nyota."

Madebe hayo yakashuka mpaka Mbalizi. Mama Damari wa kanisani kwetu alimwekea baba lake mezani, akamnyooshea mkono. "Fundi, nyota si yako hii? Basi ona ulivyonifanya!" Baba hakumtaja mdogo wake. Alisema, "Nyota ni yangu, mama. Liache nilitengeneze." Tangu siku hiyo, kila debe lililorudishwa alilikunja mwenyewe, akiwaomba radhi wenye nalo kwa kosa ambalo hakulifanya. Mimi iliniuma, na inaniuma hivi ninavyosoma.

Tarehe 29 Mei mwaka huu wa 1958 debe mojawapo lilimkata kiganja cha kulia. Alilifunga jeraha kwa kitambaa akaendelea na kazi. Tarehe 6 Juni taya zilianza kubana. Hospitali walisema ni pepopunda, wakajitahidi walivyoweza. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Kabla kinywa hakijafunga kabisa alimwachia mama neno la kumwambia Baba mdogo.

Marehemu ameacha mjane, Tusekile. Watoto wanne, yaani mimi, Abrahamu, Lea na Tadeo. Na mdogo wake wa tumbo moja, Mika.

Akina mama, maji ya msiba huu mmeyaleta kwa madebe, na yote yana nyota. Msiiangalie nyota. Papaseni ukingo. Ulio laini ni wa baba.

Baba mdogo, neno lako ni hili: "Mwambieni Mika akunje ukingo, watu wanaumia." Hakusema zaidi. Yeye hakukulaumu. Anayekulaumu ni mimi.

Mungu ampokee fundi wetu, apumzike kwa amani. Na ile chapa, Baba mdogo, najua unatembea nayo mfukoni. Tunaingoja hapa hapa, kabla udongo haujarudishwa.