Nathanael Kahangwa na Askari Asiyeisha Rangi

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kimwani na ninyi mliotoka Miembeni kuja kuzika pamoja nasi, mimi ni Judica, dada mdogo wa marehemu, mwalimu wa hesabu, na familia imenituma nisome historia hii bila kupunguza neno.

Kaka yetu Nathanael Kahangwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Kimwani, mtoto wa pili wa marehemu mzee Gamaliel na mama yetu Anatolia, akimfuata kaka yetu Elieza, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, ambaye aliondoka na jeshi kwenda vitani Novemba 1978 akiwa na miaka ishirini na mmoja, hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Mama alikataa matanga yake, akisema mtoto yuko njiani, na tangu mwaka huo mlango wa nyumba hii haujawahi kufungwa komeo.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, akajifunza uchoraji wa mabango mjini Bukoba, na mwaka 1983 akafungua banda lake Miembeni, ambako mkono wake bado mnauona juu ya milango ya maduka na saluni. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yetu Magdalena katika kanisa letu la Kilutheri huko Muleba, wakajaliwa watoto wawili, Kyaruzi na Rutaihwa.

Mwaka 2016 jirani yake Omary, muuza mitumba, alikuta ndani ya robota la midoli vijisanamu vya plastiki vya askari, virefu kama kidole gumba, ambavyo huko vilikotoka watu wazima huvipanga mezani wakichezea vita, akampa. Marehemu alivipenda kupita kiasi, akawa anaviloweka siku tatu katika mafuta ya breki, anasugua rangi ya zamani kwa mswaki, anavipaka upya na kuwauzia wachezaji wa Dar es Salaam na Kampala, huku wifi akila mkekani kwa sababu meza ilikuwa imetekwa. Kabla ya kuloweka aliandika daftarini rangi alizozikuta, kwa heshima, alisema, ya mkono uliotangulia.

Januari mwaka huu, akiwa tayari na ugonjwa wa moyo uliogunduliwa 2023, alisugua askari mmoja, na chini ya rangi akakuta rangi nyingine, uso wa kijana mweusi mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Akaloweka tena, akakuta uso uleule, na mabuti yenye udongo mwekundu. Daftari linaonyesha alirudia mara sita, plastiki haikuonekana, na askari hakupungua unene. Nilimwambia anajichosha kwa upuuzi, lakini nasema mbele yenu kwamba niliogopa.

Jumapili tarehe 4 Mei alisugua mara ya saba, akaandika mstari mmoja tu: macho yamefumba. Kesho yake alimleta askari huyo kwa mama, ambaye haoni mwaka wa tisa sasa, mama akampapasa uso kwa kidole kimoja, akasema, "Omwana wange," yaani mwanangu, kisha akalia kilio cha msiba alichokizuia miaka yote hiyo. Usiku huo kaka alizidiwa, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Leo asubuhi, kwa agizo la mama, nimemweka askari huyo kiganjani mwa marehemu. Nilimtoa kwenye leso niliyoifunga mwenyewe Jumanne, na udongo wa mabuti yake ulikuwa mbichi, ukanichafua vidole.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mzee Omary na wachoraji wa Miembeni waliofanya kazi na marehemu. Kaburi ni moja, lakini mama ameomba tuwaage wawili.

Pumzika kwa amani, kaka Nathanael. Na wewe, kaka Elieza, lala sasa, umefika. Mama amesema leo tufunge komeo.