Fisi Aliyenawa Miguu: Historia ya Mwalimu Liberatus Kalinga

Baba Padre, viongozi wa mtaa, walimu wenzake na marehemu, majirani wa Ilomba hapa Mbeya na ndugu mliosafiri kutoka Iringa, historia hii inasomwa na Blessing, binti wa marehemu, kwa niaba ya familia, naye anawaomba mumvumilie mpaka mwisho.

Mwalimu Liberatus Aroni Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Igowole, Mufindi, akasoma shule ya msingi hapo hapo Igowole kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, sekondari mjini Iringa hadi 1976, kisha chuo cha ualimu hadi 1978, na mwezi Januari 1979 akaanza kufundisha Kiswahili huko Kilolo, alikokaa miaka thelathini na mitatu. Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na Mama Eveline, wakajaliwa watoto wawili, Clement aliyezaliwa mwaka 1984 na Blessing aliyezaliwa mwaka 1990.

Sifa yake kubwa ilikuwa kufafanua nyimbo. Ukimpa wimbo wa kwaya, wa harusi au hata huu wa vijana wa redioni, aliukalisha chini kama mwanafunzi na kuuhoji, huyu ndege ni nani, huu mto ni kitu gani, kwa nini mwimbaji ametaja jembe akaliacha shoka, na watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza, naye, tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, alipenda kusifiwa.

Mwezi Februari 2011, wakati wa palizi, kina mama wa Kilolo waliokuwa wakilimiana kwa zamu, kazi ile tunayoiita mgowe, walianza kuimba wimbo mpya uliotungwa na kuongozwa na Bibi Paskalina, mjane aliyekuwa amezika wajukuu wawili ndani ya mwezi mmoja, wakisema kwamba fisi amekuja nyumbani, amenawa miguu mlangoni, ameingia bila kubisha hodi, na uji wa mtoto umepoa. Desturi ya mgowe ni kwamba wimbo wa shambani haudadisiwi mpaka shamba liishe, ndipo aliyeutunga huusema mwenyewe maana yake watu wakiwa wamekaa wanakunywa togwa. Lakini watoto walikuwa wanakufa na kijiji kizima kilikuwa kimeshikwa na hofu ya uchawi, kwa hiyo siku ya Alhamisi, tarehe 17, mwenyekiti hakusubiri shamba liishe, alimwita Mwalimu ofisini mbele ya wazee wawili, akamwomba awaambie huyo fisi ni nani.

Mwalimu angeweza kuwaambia wakamuulize Bibi Paskalina, shamba lenyewe lilikuwa ng'ambo tu ya bonde, lakini aliona aibu kuonekana hajui, akafafanua vizuri sana kama alivyozoea, na bila kutaja jina akasema kwamba kitongoji kile kina mtu mmoja tu anayenawa miguu mlangoni mara tano kwa siku. Mdomo uliponza kichwa, lakini siku ile haukukiponza kichwa chake yeye. Neno lilitoka nje, na kabla ya saa tisa alasiri duka la vitenge la Mzee Matano, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa amekuja Kilolo na mkewe Mwanakhamisi, lilikuwa linaungua, na wenyewe walikuwa wanakimbilia barabarani wakirushiwa mawe, huku Mwalimu amesimama nyuma ya mlango wa ofisi, ameziba masikio.

Tarehe 10 Machi shamba liliisha, na Bibi Paskalina akausema wimbo wake, kwamba fisi alikuwa homa iliyowachukua wajukuu wake, na kwamba alinawa miguu ili asiache nyayo, kwa sababu yeye alitafuta alama ya ugonjwa ule asubuhi na jioni asiione, mpaka uji ukapoa. Mwalimu alisikia, akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakufafanua tena wimbo wa mtu yeyote.

Aliomba uhamisho, akahamia hapa Ilomba mwezi Julai 2012, akidhani amekimbia, kumbe mwaka 2014 nyumba ya jirani ilipata wapangaji wapya, na wapangaji wenyewe walikuwa Mzee Matano na Bi Mwanakhamisi. Mzee Matano alipomwona alimkumbatia, akawaambia majirani wote kwamba huyu ndiye mtu pekee wa Kilolo ambaye hakumrushia jiwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na marehemu alishtuka kwa miaka kumi na mmoja, kila hodi, kila salamu ya asubuhi, kila mara Bi Mwanakhamisi aliponyoosha mkono kumpa bakuli la futari, mkono wenye kovu la moto, naye akala akiwa anaogopa na kushukuru kwa pamoja.

Mwezi Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Mara nne alimwita Mzee Matano kitandani ili amweleze, na mara zote nne wakaishia kuongea habari za mvua. Mwezi Mei alimwagiza binti yake ayaandike haya yote na kuyasoma leo bila kupunguza neno, na tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila wiki, walimu wenzake, wanakwaya na majirani wote, na zaidi ya wote inamshukuru Mzee Matano, aliyempeleka hospitali kwa bajaji yake miezi yote hiyo, aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la pili karibu na Bi Mwanakhamisi, na ambaye hakuwa akiyajua haya mpaka karatasi hii iliposomwa.

Baba yetu Matano, mama yetu Mwanakhamisi, tunawaogopa, na hatuna cha kujitetea. Historia za marehemu hufungwa kwa maneno ya kumuaga, na marehemu aliyaandika hapa kwa mkono wake mwenyewe, lakini akaagiza sisi wanawe tusimuage kwayo, kwa kuwa msamaha huo si wa kwetu kutoa. Jeneza litakaa hapa lilipo mpaka jambo hili liishe. Tunamsogezea Mzee Matano karatasi, ayaseme kama anaweza, au aikunje anyamaze, nasi tutanyamaza naye. Chini kabisa pameandikwa maneno matatu tu, pumzika kwa amani.