Homa ya Ini Nje ya Chumba cha Mashine

Nje ya chumba cha kusafishia damu kuna benchi la mbao, na wanaosindikiza wagonjwa wa figo wamelifanya kijiwe chao. Mgonjwa akishaunganishwa na mashine, wao hubaki na kazi mbili: kunywa kahawa na kutilia shaka kila kitu. Asubuhi ile Kinyozi, aliyemleta mkewe, alifika na habari. Siku chache nyuma mkewe alikuwa ameamka na macho ya njano, mgonjwa wa tatu wa chumba kile mwezi huo, na daktari alikuwa amesema ni homa ya ini.

— Ipi? aliuliza Redio, dereva mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki.

— Aina ya E.

— E! Kumbe A mpaka D zimeshapita, sisi tumelala tu?

— Anasema mara nyingi ni maji machafu, au nyama isiyoiva. Mara chache, damu ya kuongezewa. Bado wanachunguza.

— Ukisikia wanachunguza, ujue wanajua, alidakia Mama Mashuka, mfua nguo aliyemleta kaka yake. — Watu watatu, chumba kimoja! Wachunguze nini tena?

Kinyozi akakumbuka kitu. Juzi alimwona fundi wa mashine akitoka chumba cha nyuma na dumu, akausukuma mlango kwa mguu. Akawaambia. Alijuta papo hapo, maana kijiwe kiliwaka moto.

— Dumu! Redio alishika kichwa. — Si nilisema? Mabomba yameungana humo. Damu ya huyu inarudi kwa yule, wanakorogwa wote kama uji!

— Tena makusudi, Mama Mashuka alishusha sauti. — Kuna dawa ya ini inatafutiwa soko. Kwanza wakupe ugonjwa.

— Na yule muuguzi wa humo ndani mbona haugui? Redio aliuliza.

— Kachanjwa kisirisiri, huyo.

— Mimi nakwambia hata hiyo njano ni rangi tu. Wanawatia alama, bwana!

Kinyozi hakucheka. Kila neno lilimwingia kama sindano. Asubuhi getini mkewe alikuwa amemuuliza, "Au ni hii mashine imenipa?" naye akajifanya hakusikia. Akaweka kikombe chini, akasimama.

— Namtoa. Leo hii.

— Mwanamume ndiyo huyo! Redio akampisha.

— Na mimi kaka yangu namtoa, alisema Mama Mashuka, ila hakuinuka.

Mwisho wa benchi alikaa binti mmoja aliyepakata viatu vya baba yake. Siku hiyo ndiyo kwanza yeye na baba yake walikuwa wamefika hapo, na hakuna aliyemjali.

— Samahani kaka, alisema. — Mkeo ukimtoa, damu yake itasafishwa na nini?

Kinyozi akamgeukia Redio. Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Mama Mashuka akajipangusa jasho ambalo halikuwepo.

Mlango ukafunguka, muuguzi akachungulia.

— Baba, mkeo anakuulizia.

Akaingia. Shaka yake alikuwa nayo bado, nzima. Mkewe alikuwa amelala ubavu, mirija mkononi, macho yale ya njano yakimfuata.

— Makelele yale ya nini huko nje? aliuliza.

Kinyozi akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

— Hakuna, mke wangu. Tunakusubiri.