Kiti Chenye Maji Kando ya Mlango

Siku ya Jumanne, mwezi wa tatu, mwaka juzi, mume wangu alipanda mtumbwi wa injini kule Kasenyi akielekea ng'ambo, upande wa Uganda, na ziwa halikumrudisha. Wengine walipatikana. Yeye hapana. Hata kiatu chake hapana. Jina la Bwana litukuzwe hata hivyo, maana leo nimesimama mbele yenu, ndugu zangu, nami si mtu wa kusimama mbele ya watu.

Mume wangu aliuza samaki wa chumvi hapa Bunia. Wengi mlimjua kwa jina la Baba Sifa. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu Tomasi, alitaka tufanye kama wazee wanavyofanya mtu anapopotea majini: tukate mgomba, tuuvike shati lake, tuuzike, kisha tuondoe matanga. Nilikataa. Nilisema sitamzika mtu ambaye sijamwona amekufa. Watu wakarudi kwao mmoja mmoja, lakini matanga yenyewe hayakuondolewa. Majivu ya moto wa kilio yalibaki katikati ya uwanja wetu, na sikumruhusu mtu ayafagie.

Ndivyo nilivyoishi. Nilipika, nilikuja ibadani, niliimba pamoja nanyi. Lakini neno "marehemu" halikutoka kinywani mwangu.

Kisha binti yetu Sifa akapata mchumba, Yakobo, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Butembo wakahamia Ariwara. Mahari ikapokelewa. Ikabaki mahali pa sherehe. Na ninyi mnajua, uwanja ambao matanga hayajaondolewa hauchezewi arusi. Shemeji akaniambia, "Mama Sifa, ni weye umefunga hii parseli, huu uwanja wetu. Basi tafuta sali, ukumbi wa kukodi." Wazee wa Yakobo nao walikuwa wameanza kunong'ona: nyumba ambayo kilio chake hakiishi, tutachukuaje bibi arusi humo? Wakasema kama Jumapili itafika hatujawaonyesha mahali, mambo yaishie hapo. Sifa aliacha kula.

Tukaenda kutafuta, mimi na yeye. Sali ya kwanza iko karibu na barabara kubwa. Nzuri, viti vyeupe vimepangwa. Msimamizi, kijana mcheshi, akauliza, "Baba ya bibi arusi iko?"

Nikajibu, "Iko njiani."

"Basi awahi, mama! Wababa wa hapa Bunia wanafikaka wakati nyama imeisha!"

Nilicheka. Sifa hakucheka. Tulipogeuka kutoka, niliona kiti kimoja kando ya mlango, kimetengwa na vingine, kinatazama ndani. Juu yake palikuwa na maji yametuama, kama vile mtu aliyeloana ameinuka sasa hivi. Sakafu ilikuwa kavu. Nje, kiangazi. Nilijiambia wameosha viti. Lakini pua yangu ilisikia ziwa, nyavu na moshi wa samaki. Nikamwambia Sifa sali ile ni ndogo.

Sali ya pili ilisimamiwa na mama mmoja mnene, mpole. Akauliza aandike kwa jina la nani. Nikasema, "La baba yake. Iko njiani." Tukageuka. Kiti, kando ya mlango, na maji juu yake.

Yule mama akashangaa. "Nani amemwaga maji hapa? Hakuna mutu amepita tangu asubuhi." Akachukua kitambaa akapangusa. Nilimwona kwa macho yangu akipangusa mpaka plastiki ikang'aa. Tukaenda kutazama jiko nyuma, tukarudi. Maji yalikuwepo tena.

Ndugu zangu, sisemi ilikuwa roho ya mume wangu. Sisemi alikuwa Shetani. Sijui! Nawaambia nilichoona.

Jumamosi tukaenda sali ya tatu, ya mwisho, upande wa uwanja wa ndege. Mlinzi alitufungulia akaenda zake. Ndani kimya, kiza kidogo, mapazia yanatikisika na upepo ambao sikuuhisi. Kabla sijasema neno nilikiona kiti. Nilibaki kizingitini.

Sifa akanipita. Akaenda moja kwa moja akakaa juu ya kile kiti, na sketi yake ya kanisani. Nilisikia maji yakidondoka chini.

"Mama, ni baridi," akasema. Kisha akanitazama. "Kila mahali weye unamwita. Iko njiani, iko njiani. Mama, mimi nimechoka kuwa na baba wa njiani. Sema."

Nikaita, Bwana Yesu! Mara moja tu. Na nikasema, "Sifa, baba yako amekufa."

Haleluya! Nililia pale chini kilio ambacho sikulia siku ya kilio. Sifa akainuka, akaja na sketi yake iliyoloana, akanikumbatia. Sikugeuka kutazama kile kiti.

Mchana ule ule nikamwita mchungaji na wamama wa kanisa waje kwetu. Shemeji Tomasi alifika na panga mkononi.

"Mgomba uko wapi?"

"Shemeji, hapana mgomba. Leta ufagio."

"Na hii panga nimenoa bure?"

"Katia kuni za arusi."

Wamama wakacheka katikati ya maombi. Nikafagia majivu mimi mwenyewe. Mchungaji akamtaja mume wangu kwa jina lake, akaongeza "marehemu", nami nikaitika amina. Jioni tukawatumia wazee wa Yakobo habari: mahali ni kwetu, uwanjani.

Namshukuru Mungu aliyenitoa pale kizingitini. Na wewe unayemngojea mtu wako, uliyefunga uwanja wako, mkabidhi Yesu mtu huyo. Yeye anajua ziwa limeshika nini. Mwamini!

Arusi ilifanyika, mlikula, mlicheza. Sifa alipokwisha kwenda na mumewe, na wageni wametoka, nilikwenda langoni. Tangu mwezi ule wa tatu sikuwa nimelifunga kwa komeo, ili mtu akirudi asigonge. Nikasukuma komeo. Lilikuwa na kutu, likakataa. Shemeji akaja, tukasukuma pamoja, likaingia.