Waya wa Julai

Kariobangi, nyuma ya vibanda vya mafundi wa mabati, kuna benchi lisilokosa watu, kama kidonda kisivyokosa nzi. Muhonja huuza kahawa hapo, na kangumu za jana, yale maandazi magumu, kwa wasiochagua. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Kinyanjui wanamwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kuosha mashine kiwandani. Ondiek ni Diwani, ingawa hajapigiwa kura hata na mkewe. Phares ni Pasta, na kanisa lake halijulikani liko wapi. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya bure, nao walijua sababu. Datsun kuukuu ya Job, mwanawe Muhonja, ilikuwa imeegeshwa pale pale mbele yao, na Muhonja alitaka kuambiwa jambo moja tu: ilizimwa na nini.

Wiki iliyopita Job alikuwa akimkimbiza baba mkwe wake hospitali, pumu imembana. Kwenye tambarare gari lilikwenda. Kwenye mwinuko wa kutoka mtoni likakohoa, likatapika moshi mweusi, likafa. Mzee naye akafia humo humo, kichwa begani mwa bintiye Marion, mkewe Job. Sasa wakwe walikuwa wametuma neno. Jumamosi, kabla jeneza halijashushwa, Job asimame mbele ya watu aseme gari lilizimwa na nini. Akikosa la kusema, asikanyage tena boma lao, na Marion abaki huko huko. Kwa maana Job na mzee hawakuwa wakisemezana tangu Pasaka, na mtu aliyenuniana na mkwewe akizimikiwa na gari njiani, hakuna anayelilaumu gari.

— Ni maji kwa petroli, alisema Diwani. Siku hizi wanachanganya. Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Yamemwagika wapi, na unasema yako kwa tanki? aliuliza Muhonja.

— Ndiyo hapo sasa. Utayazolea wapi?

Injinia alicheka kwa pua. Akaeleza, kwa maneno mengi kuliko kahawa aliyopewa, kwamba kabureta ya gari hili ina makoo mawili. La kwanza ni la kutembelea mjini. La pili hufunguka ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kama mlimani, na lisipozoeshwa hukauka kama goti la mstaafu. Samaki mkunje angali mbichi. Job aliliendesha gari kwa woga miaka yote, sasa siku ya shida alitaka koo lifunguke kwa miujiza?

— Kwa hivyo ni Job.

— Mama Job, mimi sijasema ni Job. Nimesema ni koo.

— Na koo lilikuwa likiendeshwa na nani?

Injinia akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Pasta akaona nafasi yake imefika. Yeye alisema chuma husikia roho ya mtu. Watu wawili wasiosemezana wakikaa kwenye gari moja, hata injini huchanganyikiwa, maana fahali wawili hawakai zizi moja.

— Fahali mmoja alikuwa hapumui, Pasta, alisema Muhonja.

Hilo halikumzuia Diwani kupanda juu zaidi. Marehemu, alisema, alikuwa mtu wa reli maisha yake yote, na hawa wa reli hawapendi kufikishwa popote na barabara. Huenda mzee mwenyewe alikataa, gari likamtii.

— Job akaseme hivyo matangani? Kwamba marehemu alijizimia gari?

Waliongezewa kahawa. Hakuna aliyekuwa ameinuka kwenye benchi kulitazama gari.

Ndipo alipofika Kavindu, mama anayechinja magari mazee na kuuza spea moja moja. Job ndiye aliyempigia simu, maana hakutaka kuliona gari hilo tena. Kavindu alisalimia, akakataa kuketi, akainua boneti. Akatoa ule mfuniko wa chujio la hewa, mviringo kama sufuria, akainama.

— Hii choki imefungwa na waya, alisema.

Muhonja akamwomba aeleze polepole. Choki, alisema Kavindu, ni hiki kibati kinachofunika mdomo wa kabureta asubuhi, ili injini baridi ivute petroli zaidi. Injini ikipata moto, sharti kifunguke. Kisipofunguka, kwa kabureta ya namna hii, koo la pili nalo hukataa kufunguka. Basi petroli inazidi, hewa hakuna. Tambarare utajikokota. Mlimani ni moshi mweusi, halafu kwisha.

Muhonja aliutazama ule waya na akaujua. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, gari lilikuwa halitaki kuwaka. Job alikuwa zamu, kazini. Diwani ndiye aliyeuchomoa kwenye ua wa shule, Injinia akaufunga, Pasta akauombea, na yeye Muhonja akawakaangia kangumu za moto. Liliwaka mara moja. Jioni Job aliambiwa tu kwamba gari lake limepona.

— Kufunga si kosa, alisema Kavindu. Hata mimi hufunga, wakati wa baridi. Lakini nani alikuwa aufungue?

Jua la Oktoba lilikuwa limeifanya boneti isigusike. Mafundi wa mabati waligonga, wakanyamaza, wakagonga tena.

— Lakini Mama Job, alisema Diwani mwishowe, ile ya maji kwa petroli ni rahisi kueleza. Hata wakwe wataielewa.

Kavindu aliukata waya kwa koleo, akampa Muhonja mkononi.

— Nikiupeleka mimi, alisema Muhonja, watasema mama anamtetea mwanawe. Lazima aende aliyefunga. Asimame karibu na Job, aseme ni yeye. Ni hilo tu.

Pasta alikuwa na ibada Jumamosi. Diwani, mguu ulikuwa ukimsumbua kwa safari ndefu. Injinia hakuwa na ibada wala mguu. Aliukazia macho ule waya, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Birika lilikuwa bado zito. Muhonja akalifunika.

— Kahawa imeisha, alisema.